Mabasi Yaliyozimika Likizoni: Uchambuzi wa Kisa cha Sola na Betri

Mazingira ya kisa

Shule moja binafsi ya msingi upande wa Kigamboni, Dar es Salaam, ilikuwa na magari matatu. Mawili ni mabasi ya dizeli ya kubeba wanafunzi, yote ya mfumo wa volti 24. Kila basi lilikuwa na betri mbili za volti 12, ampea-saa 100 (kipimo cha umeme ambao betri hubeba), zilizoungwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwa hasi ya nyingine ili volti zijumlishwe. La tatu ni Hiace ya petroli yenye betri moja ya volti 12, ampea-saa 70. Ilitumika kwa shughuli za ofisi na ilitoka mara moja kwa wiki mbili au tatu. Hapa yataitwa basi A, basi B na gari C. Jina la shule, namba za magari na majina ya wahusika yameondolewa.

Magari yote yalifungwa GPS ya kufuatilia safari, na mwenye shule alitaka ifanye kazi hata likizoni. Yaliegeshwa kwenye uwanja wa mchanga wenye banda la mabati upande mmoja na mwembe mkubwa upande wa pili. Soketi ya umeme iliyo karibu ilikuwa umbali wa mita 40 hivi. Bahari haiko mbali, kwa hiyo hewa ina chumvi, na kichwa cha betri kikiachwa bila grisi huota ukungu wa kijani mapema.

Mabasi yalisimama wiki tano hivi kati ya Desemba na Januari, wiki nne hivi kati ya Juni na Julai, na siku chache Aprili na Septemba.

Tatizo lilivyojitokeza

Januari, asubuhi ya kufungua shule, mabasi yote mawili hayakuwaka. Basi A lilibustiwa, yaani liliazimwa umeme wa betri nyingine, likaondoka. Basi B halikukubali hata kwa kubusti, na wanafunzi wa njia yake walichelewa. Gari C liliwaka kwa shida, stata (mota ya kuwashia injini) ikizunguka kivivu. Ilikuwa mara ya pili mfululizo: Januari iliyotangulia betri zote mbili za basi B zilibadilishwa kwa sababu hiyo hiyo. Betri zilizolala safari hii zilikuwa na mwaka mmoja tu.

Ushauri wa kwanza uliotolewa ulikuwa kununua betri nyingine, na ushauri wa pili kununua sola. Hakuna aliyekuwa amepima chochote.

Aprili: jaribio la kwanza

Zilinunuliwa paneli tatu ndogo za wati 10, zile za kubandika kwenye kioo cha mbele na kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kila paneli ilikuwa na kitaa cha kijani kilichowaka jua linapotoka, na kitaa hicho kiliwapa wote imani kwamba chaji inaingia. Likizo fupi ilipokwisha, volti zilikuwa zimeshuka vilevile.

Sababu zilikuwa mbili. Kwenye gari C, tundu la sigara hukata umeme ufunguo ukitolewa, kama ilivyo kwenye magari mengi ya Kijapani. Paneli ilikuwa imeunganishwa na waya usiofika popote, na kitaa kilikuwa kikiwashwa na paneli yenyewe. Kwenye mabasi tatizo lilikuwa volti. Paneli ya volti 12 hutoa volti 17 hadi 18 ikiwa kazini na kama 22 ikiwa haijaungwa na kitu. Betri mbili za mfululizo zikipumzika huwa na volti 24 hadi 25 na ushei. Umeme hauwezi kupanda kutoka 22 kwenda 25, kwa hiyo hata tundu lingekuwa hai, betri zisingepata kitu. Kioo cha mbele nacho hupunguza mwanga, hasa chenye tinti, lakini hapa hilo lilikuwa dogo.

Kipimo kilichopaswa kutangulia

Mwezi Mei fundi umeme wa magari aliitwa, na kabla ya kugusa paneli alipima kiasi ambacho kila gari linanyonya likiwa limezimwa. Utaratibu wake unafaa kuandikwa wote, kwa sababu wengi huukosea.

Gari huzimwa, ufunguo hutolewa, milango hufungwa na boneti huachwa wazi. Subiri dakika 30 hadi 40, kwa kuwa vifaa vya kisasa haviingii usingizini papo hapo. Ukipima mapema utapata namba kubwa isiyo ya kweli. Mita huwekwa kwenye kipimo cha ampea 10, kisha huingizwa mfululizo kati ya kichwa hasi cha betri na waya wake. Ni vizuri kuunga mita kwanza ndipo ulegeze kibano cha betri, ili umeme usikatike hata kidogo na kuviamsha vifaa upya. Mita ikiwa hapo, usiwashe swichi ya gari wala kujaribu stata, maana fyuzi ya mita itakatika. Namba ikiwa kubwa, toa fyuzi za gari moja moja mpaka ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo inayoonyesha mnyonyaji.

Basi A lilinyonya miliampea 62, yaani ampea-saa 1.5 hivi kwa siku. Gari C lilinyonya miliampea 38, karibu ampea-saa 0.9 kwa siku. Basi B lilionyesha miliampea 100 kwenye kichwa hasi. Namba hiyo iliandikwa, na kazi ikaendelea. Tutairudia, kwa sababu ndani yake kulikuwa na jambo ambalo halikuonekana.

Juu ya kunyonywa huko, betri ya risasi na asidi hupoteza chaji yenyewe. Kwenye joto la nyuzi 25 hupoteza asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi, na kasi hiyo huongezeka karibu maradufu joto likipanda nyuzi 10. Kwa betri ya ampea-saa 100 kwenye joto la Dar es Salaam, fundi alikadiria ampea-saa 0.2 kwa siku. Basi A kwa siku 35 lilikuwa linapoteza kama ampea-saa 59 kati ya 100. Betri mpya ingesukuma stata ya dizeli kwa taabu. Iliyochoka haiwezi.

Madhara hayaishii kwenye kutowaka. Betri ikikaa wiki nyingi chini ya volti 12.4, salfeti ya risasi iliyo kwenye sahani zake hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi. Ndiyo maana betri ya mwaka mmoja ilikuwa imekufa.

Njia zilizopimwa na kwa nini sola ilichaguliwa

Kung'oa waya wa betri likizoni ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kwa gari lisilo na GPS ingetosha kwa mwezi mmoja au miwili. Hapa ilikataliwa kwa sababu ya GPS, ambayo betri yake ya ndani haidumu likizo nzima.

Kuwasha injini kila wiki kwa dakika 15 ndivyo madereva walivyozoea. Hesabu inaikataa. Kwa wiki moja basi A linanyonywa ampea-saa 10 hivi. Injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, tuseme alternata (jenereta ya gari) inaipa betri ampea 20. Kwa robo saa hizo ni ampea-saa 5, ukitoa zilizoliwa na stata na hita za injini. Kila wiki betri inabaki na deni, na dizeli imeungua bure. Dereva anayewasha gari kila Jumamosi anatimiza wajibu wake kwa moyo, lakini betri inaendelea kushuka.

Chaja ya umeme wa ukutani ingefanya kazi nzuri. Tatizo lilikuwa waya wa mita 40 juu ya mchanga wakati wa mvua, kwenye uwanja ambao watoto hupita. Hilo halikujadiliwa kwa muda mrefu.

Hesabu ya paneli

Dar es Salaam hupata jua la kutosha kwa wastani wa mwaka, lakini paneli ya kulinda betri huhesabiwa kwa siku mbaya, za mawingu mazito ya masika au vuli. Fundi alitumia saa 2 za jua kamili kwa siku (mwanga wa siku nzima ukihesabiwa kama saa 2 za jua kali), na akaondoa asilimia 20 kwa vumbi, joto na waya.

Gari C lilihitaji 0.9 za kunyonywa, kama 0.15 za betri yenyewe, na 0.24 zinazoliwa na kidhibiti chaji, kifaa kinachozuia paneli isiijaze betri kupita kiasi, ambacho hutumia miliampea 10 hivi usiku na mchana. Jumla ni ampea-saa 1.3. Paneli ya wati 20 hutoa ampea 1.1, kwa saa 2, ukiondoa asilimia 20, unapata 1.8. Inatosha.

Basi A lilihitaji 1.5, na 0.2, na 0.24: jumla 1.9 na ushei. Wati 20 zingepungua kidogo siku mbaya, kwa hiyo zilichaguliwa wati 30 zenye ampea 1.67, ambazo hutoa 2.7. Kwa volti 24 paneli mbili za wati 30 ziliungwa mfululizo kwa kila basi, na kidhibiti kimoja cha volti 24. Basi B lilifungwa vivyo hivyo.

Ufungaji

Paneli ziliwekwa juu ya banda, si juu ya magari. Mabasi yakitoka, paneli zinabaki, na si rahisi kuibwa kama zilizo kwenye paa la gari barabarani. Mwinamo ulikuwa nyuzi 10 kuelekea kaskazini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua huwa kaskazini na Desemba hupita upande wa kusini. Hakuna mwinamo mmoja unaofaa likizo zote mbili kikamilifu. Nyuzi 10 hupoteza kidogo Desemba na kufaidisha Juni, na kazi yake kubwa ni kuiacha mvua isafishe kioo. Paneli iliyolala bapa hutunza vumbi na kinyesi cha kunguru. Doa moja likifunika seli moja hupunguza umeme wa paneli nzima, kwa sababu seli zimeungwa mfululizo.

Vidhibiti vilifungwa ndani ya magari, karibu na betri lakini mbali na joto la injini, ili visome volti halisi ya betri. Waya ulikuwa wa shaba wa milimita mraba 2.5. Kwa mita 8 kwenda na mita 8 kurudi, volti inayopotea ni kama 0.2 tu. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba unaouzwa kama shaba. Kwangua ncha kwa kisu, na ukiona weupe ndani urudishe. Fyuzi ya ampea 5 iliwekwa ndani ya sentimita 15 kutoka kichwa chanya cha betri. Fyuzi hii haiilindi paneli. Inauzuia waya usiungue ukichubuka na kugusa bodi, maana betri ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea.

Kati ya banda na gari kulikuwa na plagi ya njia moja, isiyoweza kuchomekwa kinyume na inayochomoka yenyewe dereva akisahau na kuondoka. Upande wenye umeme wa betri ulikuwa ule wa matundu yaliyofichwa, si wa pini. Na kwa kuwa kidhibiti kinabaki na betri muda wote, utaratibu wa lazima wa kuunga kidhibiti, betri kwanza kisha paneli, ulitimia wenyewe kila gari lilipochomekwa.

Kabla ya kuunga, betri zote zilijazwa moja moja kwa chaja ya gereji. Hatua hii hairukwi. Paneli ndogo hulinda betri iliyojaa. Kuifufua iliyokufa si kazi yake. Tena vidhibiti vingi hujitambulia vyenyewe kama mfumo ni wa 12 au 24, na betri za basi zikiwa zimeshuka sana kidhibiti hudhani ni 12 na hakijazi tena.

Juni na Julai: basi A lilipona, basi B halikupona

Mlinzi alipewa daftari na mita. Kila Jumatatu alfajiri, kabla jua halijapiga paneli, aliandika volti ya kila gari. Basi A lilisoma 25.4 hadi 25.5 wiki zote.

Gari C lilianza kushuka: 12.6, kisha 12.5, kisha 12.3. Paneli yake ilikuwa mwisho wa banda, upande wa mwembe, na kuanzia saa tano kivuli cha tawi kilikuwa juu yake. Ilipopimwa adhuhuri ilitoa ampea 0.15. Ikasogezwa mita chache, ikatoa 0.9.

Basi B ndilo lililofundisha zaidi. Daftari lilionyesha volti 24.8, si mbaya sana, lakini Julai stata ilikataa. Fundi alipoweka mita kwenye betri moja moja, aliona kilichofichwa na jumla. Adhuhuri, paneli ikichaji, jumla ilikuwa 27.3: betri ya pili ilikuwa na 14.7 na ya kwanza, iliyo upande wa hasi, 12.6. Alfajiri iliyofuata betri ya kwanza ilipumzika kwenye 12.1. Ya pili ilikuwa na 12.7 na maji yake yamepungua mpaka ncha za sahani zinaonekana.

Radio ya basi B ilikuwa ya volti 12, na GPS nayo ilikuwa imefungwa kwenye waya huo huo. Aliyezifunga alichukua umeme katikati ya betri mbili, yaani kutoka betri ya kwanza peke yake. Mtindo huu uko kwenye mabasi na malori mengi jijini. Kati ya zile miliampea 100 zilizopimwa Mei, 30 tu zilitoka kwenye betri zote mbili. Sabini zilitoka kwenye betri ya kwanza pekee, karibu ampea-saa 1.7 kila siku.

Kidhibiti cha volti 24 kinaona jumla tu. Umeme wa chaji hupita sawa kwenye betri zote mbili, ile iliyojaa na yenye njaa. Iliyojaa inapanda volti, jumla inafika kikomo, kidhibiti kinapunguza chaji, na yenye njaa inabaki nusu. Kuongeza ukubwa wa paneli kusingesaidia. Kungechemsha betri ya pili haraka zaidi.

Marekebisho

Njia tatu zilikuwepo: kuweka paneli na kidhibiti cha volti 12 kwa kila betri, kununua kisawazishi cha betri (kifaa cha kulinganisha volti za betri mbili), au kuondoa mzigo wa katikati. Ilichaguliwa ya tatu, kwa sababu inaondoa chanzo. GPS ile, kama zilivyo nyingi, inapokea volti 9 hadi 36, hivyo ilihamishiwa moja kwa moja kwenye 24. Radio ilifungiwa kipunguza volti cha 24 kwenda 12 kinachopata umeme swichi ikiwashwa tu. Radio ikapoteza kumbukumbu ya stesheni kila gari linapozimwa, na madereva walilalamika kidogo. Kipimo kipya kilikuwa miliampea 60, sawa kwenye betri zote mbili.

Betri zote mbili za basi B zilibadilishwa pamoja. Ya pili ilikuwa bado inashika chaji kiasi, lakini betri mpya ikiungwa mfululizo na iliyochoka, tofauti ile ile ya volti hurudi.

Vidhibiti navyo vilirekebishwa. Kiwandani vilitoka na volti 27.4 ya kushikilia chaji, inayofaa nyuzi 25, na havikuwa na kihisi cha joto. Kwa betri ya volti 12, kila nyuzi moja ya ziada inataka volti ipungue kwa milivolti 18 hivi. Kwa 24 ni mara mbili yake. Kwa betri inayokaa kwenye nyuzi 35, upungufu ni kama volti 0.36. Viliwekwa 27.0 kwa mabasi na 13.5 kwa gari C.

Desemba hadi Januari: matokeo

Daftari sasa lilikuwa na safu ya kila betri. Baada ya wiki tano basi A lilisoma 12.74 na 12.73, basi B 12.71 na 12.70. Yote yaliwaka kwa mzunguko wa kwanza wa stata. Gari C lilishuka hadi 12.4 wiki ya tatu. Plagi yake ilikuwa imeota kutu ya kijani kwa chumvi. Ilisafishwa, ikapakwa grisi, ikafungwa mfuko wa raba, na baada ya siku nne ilikuwa 12.65. Maji ya betri za mabasi yalipungua kidogo sana, yakaongezwa maji safi ya betri, si asidi.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kipimo cha Mei. Bila kujua miliampea, mtu anachagua paneli kwa bei au kwa maneno ya muuzaji, na jaribio la Aprili lilifanywa hivyo. Hata hivyo kipimo hicho hicho kilikuwa pungufu: kwenye volti 24 kupima kichwa hasi peke yake kunaonyesha mzigo wa betri ya kwanza tu. Kama fundi angepima pia kichwa chanya cha betri ya pili, angeona 30 badala ya 100, na tatizo la basi B lingejulikana kabla ya likizo ya Juni. Hapo ndipo fedha nyingi za kisa hiki zilipotea.

Daftari la mlinzi lilifanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote kilichonunuliwa. Kivuli cha mwembe na kutu ya plagi viligunduliwa nalo, mapema, na mtu asiye fundi. Lilishindwa kwa basi B kwa sababu moja: aliambiwa aweke mita kwenye ncha mbili za mwisho. Mlinzi alifanya alivyoelekezwa. Safu ya pili ya daftari ndiyo iliyokosekana.

Paneli mbili za wati 30 kwa kila basi zilikuwa saizi sahihi, na inafaa kusisitiza hilo kwa sababu baada ya Julai kulikuwa na shinikizo la kununua wati 100. Basi A lilikuwa ushahidi: paneli zile zile, banda lile lile, betri nzima.

Kuhusu zile paneli tatu za wati 10, moja bado ingefaa kwenye gari la volti 12, ikikatwa plagi ya sigara na kuungwa kwenye betri kupitia kidhibiti na fyuzi. Bila kidhibiti, ukubwa usio na hatari kwa betri ya ampea-saa 70 ni kama wati 5, ukiweka dayodi ili umeme usirudi usiku, na ukikagua maji kila mwezi. Lakini siku ya mawingu wati 5 huingiza chini ya nusu ampea-saa. Zinamudu gari linalonyonya miliampea 10 hivi. Kwa gari C na GPS yake, zisingetosha.